Viatu vya Mkwe Mlangoni

Upendo wa watu wa Uyole nusura umwue Eveline. Saratani ilikuwepo, hilo halina ubishi, lakini saratani ilikuwa na dawa yake. Upendo haukuwa na dawa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mnunuzi wa viazi kwa jumla, mwenye sauti ya kusimamisha fuso katikati ya barabara kuu na jicho la kupima gunia bila mzani. Sokoni walimwita Mama Blessing, kwa jina la binti yake wa pekee. Mtu wa namna hiyo haugui peke yake. Alipogundulika kuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, soko zima liliugua. Alipofanyiwa upasuaji, soko zima lilishonwa nyuzi. Na alipoanza kutundikiwa dripu za tibakemikali katika hospitali kubwa ya mjini, soko likafunga virago na kuhamia sebuleni kwake.

Dripu zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne. Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Ilishuka taratibu kwenye mrija mpaka mkononi, na ukienda haja ndogo unaiona tena. Jumatano alikuwa mzima kiasi. Alhamisi na Ijumaa alitapika. Jumamosi aliweza kula kiazi cha kuchemsha kwa chumvi, na Jumapili alikuwa akigombana na watu kwa simu juu ya bei ya viazi. Mdomoni alikaa na ladha ya msumari wiki nzima. Nywele ziliondoka baada ya dripu ya kwanza. Alizikusanya kwenye mto, akazichoma jikoni, akafunga kitambaa, basi. Kucha nazo zikaanza kuwa nyeusi. Hayo yote aliyazoea, maana binadamu huzoea, na mumewe akayazoea pamoja naye.

Mumewe, Isakwisa, alikuwa seremala mwenye karakana yake Iyunga. Kila Jumanne ya dripu alifunga karakana, na Alhamisi na Ijumaa alishika beseni. Mwanamume wa Kinyakyusa kushika beseni la matapishi ya mkewe si jambo la kupigiwa ngoma, lakini alilishika, akalimwaga, akaliosha, akarudi nalo. Wenzake walipomuuliza kwa nini asitafute msichana wa kazi, alisema beseni lile lina ufundi wake.

Shida ilikuwa chembe nyeupe za damu.

"Mama Blessing, dawa hii haina macho," nesi Batuli alimwambia tangu siku ya kwanza. Batuli alikuwa mama mtu mzima, mwenye kilemba chini ya kofia ya kazi na subira ya kurudia neno moja mara kumi. "Inawapiga wabaya, na wazuri inawapiga humohumo. Chembe nyeupe ndizo askari wako. Wakipungua, mafua ya mwenzio kwako ni kaburi. Usishikane mikono na watu, usikae kwenye kundi, usile kibichi."

Kusema ni rahisi. Kule kwao mgonjwa hapewi pole kwa mbali. Unaingia, unampa mkono, na mkono huo huuachi mpaka umeuliza alivyoamka yeye, walivyoamka watoto, na kama mvua imeshafika shambani. Ukimaliza hapo ndipo unaketi. Asiyefanya hivyo atasemwa hadi Tukuyu. Basi wakaja. Wachukuzi wa magunia, wanakwaya, mama lishe, madereva. Mwenye mafua alikuja na mafua yake, kwa sababu kuacha kumwona mgonjwa kwa kisingizio cha mafua ni roho mbaya. Baada ya dripu ya tatu Eveline alishikwa na homa, akalazwa siku tano, na siku ya pili yake Isakwisa aliambiwa asiende mbali na wodi. Alipona. Watu wakaja kumpa pole ya kulazwa.

Ilipofika Jumanne ya dripu ya nne, damu ikapimwa, chembe zikawa chache, akarudishwa nyumbani. Jumanne iliyofuata zikawa chache vilevile: sifuri nukta nane, na daktari alitaka moja na nusu. Daktari yule alikuwa kijana mpole asiyependa maneno mengi. Akaweka kalamu chini.

"Mama, dripu hii tumeiahirisha mara mbili. Dawa hizi zinafuatana. Tukiacha pengo refu, ugonjwa unapata pa kupumulia. Nakupa wiki mbili. Damu isipopanda, itabidi tubadilishe mpango wote, na huo mwingine si mzuri kama huu. Na homa kama ile usiipate tena. Sikutishi, nakwambia."

Eveline alimwelewa vizuri. Alikuwa mfanyabiashara, alijua sauti ya mtu anayetaja bei ya mwisho.

Isakwisa alijaribu. Kwanza alichonga ubao mzuri wa mkangazi, akaandika kwa rangi nyekundu HAIRUHUSIWI KUINGIA NDANI, akautundika getini. Watu waliusoma, wakausifu kwa jinsi ulivyochongwa, wakaingia. Unawahusu wageni, walisema, sisi si wageni. Akauondoa. Kesho yake akaweka mlangoni ndoo ya maji yenye koki, na sabuni pembeni, ili angalau wanawe. Hapo walitii wote, wakanawa hadi viwiko, wakaingia, wakaketi sebuleni kimya kwa adabu, wakawa wanasubiri chakula. Ndoo mlangoni maana yake nini kingine? Isakwisa ikabidi aende kununua mkate.

Blessing, aliyekuwa akisoma chuo Iringa, alipopigiwa simu na baba yake akasikia mambo ya ndoo, hakucheka. Alipanda bajaji hadi Ipogolo kwa bibi yake.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Mama Tekla, mama yake Eveline, akashuka kwenye basi pale Uyole.

Alikuwa na miaka sabini na moja, mjane, Mhehe wa kuzaliwa na kufa, na hapo awali hakuna aliyemjua kwa ukali. Nyumba yake ya Ipogolo iko karibu na barabara kuu, na kwa miaka arobaini hakupita mtu pale bila kupewa kikombe cha togwa, awe padri au utingo. Eveline alipoambiwa mama anakuja alijiambia, haya, sasa wageni watapewa na togwa.

Lakini Mama Tekla hakuingia ndani. Alisimama katikati ya ua, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, kanga ya pili ameizungusha mdomoni na puani kama watu wengi wanavyofanya kwenye baridi ya Uyole, akamtazama mwanawe aliyesimama dirishani na kitambaa kichwani.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Mbona unasimama huko? Ingia."

"Nitalala kwa jirani. Kwa mkwe hakulaliwi."

Hakuna aliyeshangaa. Wahehe wa zamani ndivyo walivyo: mama hali mbele ya mkwe, halali chini ya paa lake, na wakikutana njiani mmoja hupita pembeni. Isakwisa mwenyewe aliinamisha kichwa na kurudi nyuma ya nyumba ili mama apate nafasi ya kupumua. Jirani wa ukuta mmoja, Mwamvita, mfanyabiashara wa vitenge ambaye babu yake alipanda Mbeya na mizigo ya chumvi kutoka pwani asirudi tena, akampokea begi. Wakaenda zao, mmoja na rozari, mwingine na tasbihi.

Ijumaa Mama Tekla hakuonekana mpaka mchana. Mwamvita alisema wamekwenda mjini, bibi alikuwa na haja zake. Waliporudi, Mama Tekla aliomba kiti, akakiweka karibu na geti, akaketi, akalaza fimbo magotini. Isakwisa alipokiona kile kiti kibovu alikwenda karakana usikuusiku, na asubuhi mama mkwe akakuta benchi jipya lenye mgongo, na la pili la wageni, mbali kidogo. Hakumshukuru, maana wakwe hawasemezani ovyo, ila alilipapasa benchi kwa kiganja mara mbili.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Saulo, kiongozi wa kwaya, na wenzake wanne, wakiwa wamebeba mayai na parachichi.

"Karibuni sana," Mama Tekla akasema kutoka ndani ya kanga yake. "Ketini kwenye benchi lile. Ndani hakuingiki. Ndani kuna mzazi."

Wanawake wakatazamana.

"Mzazi? Mama Blessing amejifungua?"

"Amejifungua chembe nyeupe. Zimezaliwa juzi, bado vichanga, kitovu hakijadondoka. Nesi anasema ni askari. Askari gani anayezaliwa leo? Hao ni watoto wachanga. Ninyi wote mmezaa. Niambieni, mzazi wa siku tatu anaingiliwa na watu watano waliotoka sokoni?"

Kicheko kikawatoka, kikakaa, kikapungua, na kilipoisha walikuwa wameelewa. Kwa wiki kadhaa waliambiwa habari za askari na kinga na maambukizi, maneno yakapita kama upepo kwenye mahindi. Nyumba ya mzazi, hiyo waliijua tangu hawajaota meno. Kwa mzazi hupeleki mafua. Humshiki kichanga na mkono wa sokoni. Unaleta ulichonacho, unakiacha mlangoni, unasema pole na hongera, unaondoka. Mama Saulo akaweka mayai kwenye benchi bila kubishana.

"Na kwaya tumwimbie?"

"Imbeni kutoka hapo hapo. Sauti haina vijidudu."

Wakaimba. Eveline, dirishani, akaitikia ubeti wa pili kwa ile sauti yake ya kusimamisha fuso, na mara ya kwanza katika mwezi mzima akacheka mpaka mbavu zikauma.

Habari ikasambaa. Kufikia Jumatatu, wanaume hata getini hawakukaribia, kwa kuwa nyumba ya mzazi haiwahusu. Walipiga honi tu barabarani na kupungia. Dereva mmoja aliyejitia kiburi akafika akikohoa. Mama Tekla alimnyooshea fimbo kutoka mbali.

"Rudi na kifua chako, baba. Ukipona njoo, tutakupa chai."

"Bibi, nimetoka Makambako kwa ajili yake!"

"Nami nimetoka mbali kukupita wewe, na ndani sijaingia."

Dereva akaondoka.

Lakini neno lile lilimchoma Eveline kule dirishani. Sijaingia. Ni kweli hakuwa ameingia. Siku nne, siku tano, siku sita. Si kwamba hakuingia tu. Hakumshika mkono, hakusogea karibu na ukuta, hakumpikia hata uji. Mama aliyekuja kumuuguza mwanawe hakugusa sufuria. Vyakula vilivyoletwa vilichukuliwa na Mwamvita, akaviosha, akavipika vikaiva, akavipitisha mlango wa uani. Mama Tekla alikunywa chai yake peke yake kwenye kikombe chake mwenyewe cha bati, kikombe ambacho hakikuchanganywa na vyombo vya nyumba.

Jumatano Eveline alimwita.

"Mama, ingia basi tukae kidogo. Mkwe hayupo, yuko Iyunga."

Mama Tekla akatazama mlangoni. Pale kizingitini palikuwa na viatu vya ngozi vya Isakwisa, vya kahawia, vya kanisani. Karakana alikwenda na buti, na vile hukaa pale wiki nzima vikingoja Jumapili.

"Viatu vyake vipo," akasema.

"Viatu si mtu, mama!"

"Viatu vya mkwe ni mkwe."

Eveline alirudi kitandani akageukia ukuta. Alikumbuka alipozaliwa Blessing, miaka ishirini iliyopita, chumba kimoja cha kupanga. Mama Tekla alilala sakafuni kando ya kitanda chake siku arobaini zote, na mkwe alikuwa akipishana naye mlangoni asubuhi na jioni, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tele. Mila ilikuwa wapi siku zile? Akafanya hesabu kama anavyofanya sokoni, na jibu likatoka moja tu. Mama anamwogopa. Huko Ipogolo wamemwambia saratani inaambukiza, naye ameamini. Ameziba pua, ameziba mdomo, ametenga kikombe. Ugonjwa wenyewe haukuwahi kumliza Eveline mchana kweupe. Hili lilimliza.

Aliliweka moyoni siku mbili, na Ijumaa likamshinda. Mwamvita alikuwa amemletea supu ya kuku, na mama alikuwa getini mahali pake, mgongo umeelekea nyumba. Eveline akafungua dirisha lote.

"Mama, sema kweli. Unaniogopa."

Mama Tekla hakugeuka.

"Wamekwambia utaambukizwa, si ndiyo? Mimi nimekuzalia mjukuu ukalala chini ya miguu yangu, leo unaninyima mkono! Mwamvita, si ndugu, si dini yangu, ananiogesha. Isakwisa ananishikia beseni. Wewe umekuja kukaa getini kama mgambo. Supu yenyewe siitaki. Kama ulikuja kunitazama kwa mbali, Ipogolo nako ni mbali, rudi ukanitazamie huko!"

Mama Tekla aliivuta kanga akaikandamiza mdomoni kwa mikono miwili. Kichwa kikainama mpaka magotini, mabega yakatikisika, yakatikisika tena. Hakutoa sauti. Kisha alinyanyuka polepole akashika njia ya nyuma ya ukuta wa Mwamvita, na fimbo yake ikabaki kwenye benchi.

Nimemliza mama yangu, Eveline akawaza. Kwanza aliona afadhali, halafu akajisikia mchafu. Supu aliinywa yote, kwa kuwa alijua Jumanne inakuja na damu haipandi kwa hasira.

Eveline hakumwomba radhi, na mama hakurudi Ipogolo. Jumamosi alfajiri alikuwa kwenye benchi lake. Jumapili alikuwepo. Jumatatu Mama Saulo alikuja na kuku wawili, akawaacha, akasema kitovu kikidondoka waambiwe.

Jumanne bajaji ilipofika, Eveline na Isakwisa wakapanda. Mama Tekla alisimamisha bajaji nyingine akapanda na Mwamvita.

"Hata bajaji moja hatutoshi," Eveline akasema.

"Mama yako ana adabu zake," Isakwisa akajibu. "Mwache."

Damu ilichukuliwa saa mbili na nusu. Wakakaa kwenye viti vya bluu. Isakwisa alikuwa akipima kwa macho upana wa mlango wa maabara, hivyo ndivyo anavyofanya akiwa na hofu. Mara ya kwanza alipima milango yote ya jengo. Eveline alitazama saa. Moja na nusu, alikuwa akijiambia, moja na nusu tu, sitaki faida. Kupitia dirishani alimwona mama yake amekaa nje kwenye nyasi, rozari inakwenda.

Saa nne na robo, daktari akatoka mwenyewe na karatasi. Hakuwa mtu wa kutabasamu, lakini alikuwa anatembea haraka.

"Moja nukta tisa. Sijui mmefanya nini, ila endeleeni nayo. Tunatundika leo."

Isakwisa alisema "Ndaga, ndaga fijo," akasahau kwamba daktari si Mnyakyusa, akamshukuru tena kwa Kiswahili, kisha akatoka nje upesi kwa sababu ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja.

Dawa nyekundu ikaanza kushuka. Nesi Batuli aliurekebisha mrija, akabandika plasta, akaketi kuangalia matone.

"Mama yako ni mwanamke wa shoka," akasema. "Leo siku ya nne hajakohoa. Nimemsikiliza kifua asubuhi hii hii, kiko safi kabisa. Nimemwambia sasa ruksa. Nimwite?"

"Kikohozi gani?"

Batuli akamtazama. Akaitazama dripu, kama anayejiuliza ni dawa inayosahaulisha au ni mgonjwa mwenyewe.

"Hakukwambia? Si alikuja hapa siku ya pili tu tangu afike, na yule jirani yako. Kifua kilimbana njiani kwenye basi. Tukampiga picha, tukapima makohozi, kifua kikuu hakuna, nikampa dawa. Aliniuliza swali moja: naweza kumshika mwanangu? Nikamwambia, bibi, usimsogelee mpaka ukae siku tatu kamili hujakohoa. Akaniuliza hatua ngapi ndiyo kumsogelea. Nikasema, nikiotea tu, labda kumi. Akasema yeye ameshaweka kumi na mbili."

Kama si sindano mkononi Eveline angeshuka kitandani.

"Mwite," akasema.

Mama Tekla akaja. Alisimama kwenye sinki la kona akanawa mikono hadi viwiko, polepole, kama anayeosha chungu cha pombe, akaikausha. Halafu akaivua kanga ya mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza Eveline kuuona uso mzima wa mama yake katika siku kumi na mbili. Ulikuwa umekonda. Mama akaja mpaka kitandani, akashika ule mkono usiokuwa na sindano, akaushika kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Wewe kinywa chako hakina mlango. Saa moja tu soko zima lingejua bibi wa getini anakohoa. Yule dereva wa Makambako angenisikiliza? Mlinzi mwenye kikohozi hamfukuzi mwenye kikohozi. Nikasema, mkwe anisaidie. Mila zipo, zitumike."

Eveline alicheka na machozi yakamtoka, yote kwa pamoja, mpaka Batuli akamwambia asitikise mkono.

"Mama, Ijumaa ile. Nilikufukuza. Nilikuona unalia, na sikuja kukuomba radhi."

"Sikuwa nalia," Mama Tekla akasema. "Kikohozi kilikuwa kimenibana. Nikaona nikikiachia hapa mbele ya dirisha lililofunguliwa wazi, basi siku zote nane zimekwenda bure. Nikakimeza mpaka nilipofika nyuma ya ukuta." Akauvuta ule mkono karibu. "Nilikuwa na jibu lako, mwanangu. Ila singeweza kufungua mdomo."

"Jibu gani?"

"Kwamba siendi popote."

Dripu iliisha saa nane. Safari ya kurudi, Mwamvita akiwa ametangulia kwenye vitenge vyake, walipanda bajaji moja, mama na binti nyuma, wameshikana, na Isakwisa kwa heshima akakaa mbele ubavuni mwa dereva, nusu yake ikining'inia nje. Nesi alikuwa amewaonya: chembe zitashuka tena kuanzia wiki ijayo, vichanga vingine vitazaliwa, nyumba ibaki nyumba ya mzazi mpaka dripu ya sita. Zilikuwa zimebaki mbili.

"Na mlango nani ataulinda?" Eveline akauliza walipofika ndani ya geti.

"Mkwe," Mama Tekla akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika mbele. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa ile, ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kumsifu Isakwisa akiwa anasikia. "Viatu vyake vimelinda siku kumi na mbili. Sasa na mwenyewe alinde."

Isakwisa alisimama katikati ya ua, hajui aende nyuma ya nyumba au abaki. Mwishowe akasema, macho yake yakiwa chini, "Karibu ndani, mama." Kisha akaenda kukaa kwenye benchi alilolitengeneza yeye mwenyewe, akaichukua fimbo.

Eveline alikuwa ameanza kusikia ladha ya msumari mdomoni. Kesho kutwa angetapika. Mama yake alimshika kiwiko, wakazipanda ngazi mbili za kibaraza, wakafika kizingitini. Vile viatu vya kahawia vilikuwa pale pale, pua zimeelekea nje. Mama Tekla akavitazama, akavisukuma pembeni kwa mguu, akaingia.